Mpika Chumvi wa Kamunyu: Historia ya Marehemu Tabby Karwirwa Ndambiri

Marehemu Tabby Karwirwa Ndambiri alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1951, saa moja na robo asubuhi, huko Mitunguu, akiwa mtoto wa nne na binti wa pekee wa mzee Njura na mkewe, ambao wote wametangulia. Saa hiyo inajulikana kwa uhakika kwa sababu asubuhi hiyo mzee Njura alikuwa na zamu ya kufungulia maji ya mfereji, na zamu yake ilianza saa moja kamili kengele ya kanisa ilipogongwa, na kabla maji hayajafika mgomba wa kumi akaitwa nyumbani kuambiwa amepata msichana, akatupa jembe akakimbia, maji yakabaki yakimwagika shambani kwa jirani, jambo ambalo jirani huyo alilikumbusha kila Krismasi mpaka naye akafariki. Tarehe 1 Januari 1952 iliyo kwenye kitambulisho cha marehemu, na ambayo kwa bahati mbaya imechapishwa pia kwenye ratiba mliyo nayo mikononi, iliandikwa na karani aliyekuwa na haraka, na familia inawaomba muisahihishe.

Wapendwa waombolezaji, tangu Alhamisi ya wiki jana kila anayeingia katika boma hili kutupa pole, akishaketi na kupewa chai, anauliza swali moja, wengine kwa sauti na wengine kwa kutazama tu upande wa jiko la nje, yaani ni nani sasa atakayepika chumvi ya Kamunyu. Swali hilo lilimnyima marehemu usingizi katika miaka miwili ya mwisho kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo familia imeona lisijibiwe pembenipembeni, bali ndani ya historia yake, mahali pake, bila kuruka hatua.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1961 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967, akafaulu, lakini nafasi ya kuendelea ikaenda kwa kaka yake, naye hakulalamika, au kama alilalamika aliyaambia maji, maana kazi yake kwa miaka mitano iliyofuata ilikuwa kuyaongoza maji ya mfereji kwa jembe kutoka mgomba hadi mgomba. Alikuwa akisema kwamba katika miaka hiyo aliyaona maji kama kitu kisichokwisha, kitu kinachokupita miguuni kikielekea kwa mtu mwingine, na hata alipozeeka huku kwenye joto na vumbi bado aliota amesimama katika mfereji ule, maji yamemfika vifundoni, majani ya migomba yamelifunga anga lote, na mwanga unaofika chini ni wa kijani, na hakuna anayemwita.

Mwaka 1971 alikutana na marehemu mumewe, Gedion Ndambiri, aliyekuwa akiswaga mbuzi kutoka Ishiara kwenda kuwauza Mitunguu na kurudi na ndizi, wakafunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972, na jioni ya siku iliyofuata akaingia katika boma hili akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakuwahi kuona mto uliokauka. Alipopewa maji ya kunywa aliyashika mdomoni muda mrefu bila kuyameza, akidhani, kama alivyosimulia mara nyingi, kwamba kuna mtu amelia ndani ya mtungi. Mama mkwe wake, Ciarunji, alimtazama akacheka mpaka akashika mlango, akamwambia, "Meza, mwanangu, hayo ndiyo matamu, kesho nitakuonyesha yenyewe," na kesho yake alfajiri akampeleka Kamunyu.

Kwa mliotoka mbali, Kamunyu ni chemchemi ndogo isiyozidi upana wa sinia, iliyoko mwendo wa dakika kumi na mbili chini ya boma hili, penye mawe yenye kingo nyeupe, na maji yake ni maangavu kabisa, huwezi kuyatofautisha na ya mvua mpaka uyaonje. Chumvi imejificha ndani ya uangavu huo, haionekani, haitulii chini ukiyaacha maji yatulie, haibaki kwenye kitambaa ukiyachuja, na njia ya kuipata ni moja tu, kuyaaga maji polepole mpaka yaondoke yenyewe. Marehemu alifundishwa kuteka alfajiri kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, kuyalaza maji mtungini usiku mmoja ili matope yakae chini, kuyachuja, kuyamimina kwenye karai pana, kuwasha kuni za mgunga zilizokauka vizuri, na kukaa. Kukaa huko ndiko kulikokuwa kazi kubwa. Mvuke ulipanda, ukajaa jikoni, ukatoka kwa mlango na kwa nyufa za mbao, na watoto wake wanasema kumbukumbu yao ya kwanza ya mama si uso bali ni wingu, na mkono uliotoka ndani ya wingu hilo ukawapa kiazi.

Maji yakipungua yakabaki kama robo, utando mwembamba kama wa maziwa hutokea juu, na sauti ya karai hubadilika, na hapo moto huvutwa nje mara moja, maji yakiwa bado yapo, karai likaachwa juu ya majivu ya moto usiku kucha ili chumvi ijikusanye punje kwa punje. Asubuhi karai huinamishwa, na maji machache yaliyosalia, mazito na machungu, hukusanyika upande mmoja, nayo hayakaushwi, humiminwa kwenye jiwe lenye shimo lililo nje ya zizi, kwa sababu inasemekana mbuzi ndio walioijua Kamunyu kabla ya watu, na sheria ya boma hili tangu hapo ni kwamba maji ya mwisho ni ya mbuzi. Kwa miaka kadhaa Ciarunji aliketi mlangoni akisikiliza, na sauti ilipobadilika alisema neno moja tu, "Sasa," naye marehemu akavuta kuni. Siku aliyoanza kupika peke yake bila kuambiwa familia haina tarehe yake, tumeitafuta kwa wote waliokuwepo tusiipate, na yeye mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba ilikuwa siku ya kawaida na kulikuwa na upepo.

Marehemu na mumewe walijaliwa watoto wawili, Muchangi aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1974, na Ciarunji, aliyepewa jina la nyanya yake, aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1977 na ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Gatwiri, kwa jina la binti yake, tangu aolewe Kangeta, pamoja na wajukuu watano. Katika ukame wa mwaka 1984, mtungi wa nafaka ulipofika chini na watu wakawa wanakula majani ya porini, hakuna aliyetoka jikoni kwa marehemu bila fundo la chumvi kwenye ncha ya leso, na kuna wazee waliokaa hapa leo wanaosema kwamba majani yale hawayakumbuki kabisa, wanaikumbuka chumvi.

Mwezi Mei 1986 aliajiriwa kufagia katika shule moja ya upili ya kutwa karibu na Ishiara, na siku ya Jumanne tarehe 14 Juni 1988, kama anavyoshuhudia Mwalimu Gachoki ambaye yuko nasi katika safu ya pili, wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa maabara wakijaribu kuitoa chumvi kwenye maji kwa kuyachemsha katika visahani, na kila walipokausha kabisa punje ziliruka zikawapiga usoni, kisahani kimoja kikapasuka, darasa likawa kelele tupu. Marehemu alikuwa akipiga deki nje, akasimama mlangoni na kitambaa chake mkononi, akasema, "Mwalimu, ondoa moto ikiwa bado na machozi." Mwalimu Gachoki, ambaye anakiri kwamba alikuwa kijana na mwenye kiburi kidogo, akamuuliza, "Mama, na wewe kemia ulisomea wapi?" Naye akajibu, "Kwa mama mkwe, mwalimu, na huko hakuna likizo." Darasa likacheka, mwalimu akacheka, akampa kile kisahani, na saa nne na nusu punje za kwanza za mraba, safi, zikaonekana chini ya maji kama madirisha madogo. Kuanzia Januari 1989 akafanywa msaidizi wa maabara, kazi aliyoifanya bila kuvunja chombo hata kimoja mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011, na walimu waliomfuata Mwalimu Gachoki wote walielekezwa kwake kabla ya kuelekezwa ofisini.

Mumewe alifariki tarehe 3 Machi 2009, na baada ya hapo chumvi ikawa ndiyo mazungumzo yake ya jioni. Rafiki yake mmoja katika kazi hiyo alikuwa Bwana Jama, mfanyabiashara wa mifugo wa Maua, aliyeanza kuichukua chumvi ya Kamunyu mwaka 1993 alipopita soko la Ishiara kununua mbuzi, kwanza kwa ajili ya wanyama, halafu kwa ajili ya nyumba yake, halafu, kama anavyosema, kwa ajili ya wageni anaowaheshimu tu. Kila mwezi kopo moja la bati lenye kifuniko cha bluu lilikwenda Maua na lilirudi likiwa limeoshwa, na katika miaka hiyo yote Bwana Jama hakuwahi kusema lolote kuhusu chumvi, na marehemu aliuchukulia ukimya huo kuwa sifa kubwa kuliko zote.

Mwezi Oktoba 2023, baada ya kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda kutoka Kamunyu, marehemu alipelekwa katika hospitali moja mjini Embu ambako ilibainika kwamba moyo wake ulikuwa umechoka na presha ilikuwa juu, akakatazwa chumvi kabisa, naye akamwambia daktari, "Mimi siili, daktari, naipika tu," na daktari akaandika hivyo hivyo kwenye faili. Desemba ya mwaka huo mjukuu wake Gatwiri, aliyekuwa amemaliza shahada ya kemia katika chuo kikuu na hajapata kazi, alikuja kukaa naye, akaleta kipimajoto, mizani ndogo na daftari la mistari ya mraba, na tangu siku ya kwanza akaanza kuandika kila kitu, uzito wa kuni, kina cha maji, saa ya utando wa kwanza. Kwa hesabu zake aligundua kwamba sehemu moja kwa nane ya vyote vilivyoyeyuka katika maji ya Kamunyu ilikuwa ikiishia kwenye jiwe la mbuzi, akaona kwamba boma hili kwa miaka na mikaka lilikuwa likimwaga chumvi yake mwenyewe nje ya mlango.

Siku ya Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, marehemu akiwa amepelekwa kliniki, Gatwiri alipika karai la kwanza peke yake, akaendeleza moto hadi tone la mwisho likakauka, akapata chumvi nyeupe, nyingi kuliko ilivyowahi kupimwa, akaijaza kwenye kopo la kifuniko cha bluu, na kwa furaha aliyokuwa nayo hakungoja kuuliza, akalituma Maua siku ileile. Jioni ya siku ya pili aliona chumvi aliyobakiza nyumbani imeloa ndani ya chupa, akadhani kifuniko hakikukazwa. Jumatano tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, simu ya marehemu ikalia, naye akaiweka kwa sauti ya juu kama alivyozoea, na walioketi karibu walisikia yote.

"Mama Muchangi, wewe mgonjwa?" akauliza Bwana Jama.

"Nani amekuambia?"

"Chumvi imeniambia. Kopo limeota maji, na ndani ni chungu kama dawa. Nikasema, huyu mama hayuko jikoni."

Marehemu akamwangalia Gatwiri aliyekuwa ameshika daftari kifuani, kisha akasema kwenye simu, "Ni mkono wangu umeteleza, Jama, nisamehe, nitakuletea nyingine." Alipokata simu hakugomba, aliuliza tu taratibu, "Ulikausha yote?"

"Yote, Cucu," akajibu Gatwiri, ambaye hakuwahi kumwita nyanya yake vingine. "Hakuna hata tone lililopotea."

"Na mbuzi?"

Gatwiri akatazama nje, upande wa lile jiwe la zizini.

"Basi Jama ndiye amekula ya mbuzi," marehemu akasema, akacheka hadi akakohoa, na Mama Gatwiri akamletea maji, na hata akiyanywa mabega yalikuwa bado yanacheka.

Usiku ule haukuwa wa kulala kwa Gatwiri, kwani alifungua maandishi yake ya chuo akakuta kwamba katika maji ya namna hii mna chumvi zaidi ya moja, kwamba ile njema hutangulia kujitenga, na zile chungu zinazovuta unyevu wa hewa hubaki katika maji ya mwisho, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelijibu swali hilohilo katika mtihani wa mwaka wa tatu akapata alama zote, wala hakulitambua lilipomjia likiwa ndani ya karai. Asubuhi alimwomba cucu yake amfundishe tangu mwanzo, na marehemu akamwambia aache kipimajoto ndani ya nyumba, siyo kwamba kina makosa, ila kisije kikazungumza wakati karai linazungumza.

Kuanzia siku hiyo mpaka Mei mwaka huu walipika pamoja makarai kumi na tisa, yote yameandikwa kwenye daftari na tarehe zake, marehemu akiwa kwenye kigoda mlangoni na Gatwiri ndani ya mvuke, na kila mara marehemu alisema "Sasa," na kila mara moto ulivutwa kwa wakati, na kopo likaenda Maua likarudi kimya. Lakini kwenye ukingo wa kila ukurasa Gatwiri aliandika pia muda ambao yeye mwenyewe angevuta kuni kama asingeambiwa, na mara kumi na tisa alikosea, mara mapema, mara kwa kuchelewa, kwa sababu maji ya Kamunyu hubadilika na mvua, kuni hubadilika, upepo hubadilika, na alipojaribu kuhesabu dakika marehemu alimwambia kwamba Kamunyu haina saa. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Jioni marehemu aliketi nje akitazama mbuzi wakirudi, akasema, si kwa kulaumu, "Nikienda, nani atakuambia sasa?" Gatwiri alikuwa akijiuliza hilohilo, na alikuwa ameanza kuogopa hata kugusa kuni kama kigoda cha mlangoni hakina mtu.

Mwezi Juni mwaka huu maji yalizidi mwilini mwa marehemu, miguu ikawa mizito, akalala akiwa ameegemezwa mito mitatu, akapewa vidonge vya kuyatoa maji hayo, na muuguzi alipokuja kumpima alimwambia, "Mnanikausha vizuri, lakini waambie wasinikaushe yote." Alikuwa akisinzia mchana na kuamka akidhani yuko Mitunguu, anauliza kama mfereji umefunguliwa, kama maji yamefika kwa jirani, na anayeketi naye alijifunza kujibu kwamba yamefika, naye akalala tena akiwa ametulia. Dirisha la chumba chake linatazama jiko la nje, hatua kumi na moja, na alikataa lifungwe hata kulipokuwa na baridi.

Siku ya Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 aliamka akiwa na akili timamu kabisa, akamwambia Gatwiri ateke maji ya kopo la Jama. Maji yakatekwa Jumatano alfajiri, yakalazwa mtungini, na Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi, moto ukawashwa. Mama Gatwiri aliketi na marehemu chumbani, Gatwiri aliketi jikoni, na kati yao palikuwa na ua uliofagiliwa, kuku wawili, na mvuke uliopita dirishani ukaingia, hata Mama Gatwiri anasema kuna wakati hakuwa na hakika kama mama yake anapumua au ni mvuke unaomzunguka kinywa.

Ilipofika saa nane na dakika hamsini utando ulitokea. Gatwiri alisimama, akatazama dirishani, akangoja. Karai lilikuwa likivuma, halafu likawa kama watu wanaozungumza mbali, halafu sauti ikashuka ikawa ya mchanga unaomwagwa juu ya karatasi, na neno halikuja. Alihesabu pumzi zake. Aliwaza kukimbia chumbani aulize, na akajua kwamba akienda na kurudi karai litakuwa limepita mahali pake, na akajua pia kwamba huenda ukimya ule una maana nyingine ambayo hakutaka kuijua. Akainama akavuta kuni zote nje, moja baada ya nyingine, akazizima mchangani, akatandaza majivu ya moto, akalishusha karai juu yake, akalifunika kwa ungo. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini na nane. Ndipo akavuka ua.

Yaliyotokea chumbani wakati huo tumeyapata kwa Mama Gatwiri. Sauti ilipobadilika marehemu alifungua macho, na Mama Gatwiri, ambaye amekulia katika mlio huo na anaujua, alifungua mdomo ili amwite binti yake, lakini marehemu akamshika mkono akamwambia kwa sauti ndogo, "Nyamaza. Hata mimi sikuambiwa." Wakakaa hivyo, mkono kwa mkono, wakisikiliza, mpaka wakasikia kuni ya kwanza ikiburutwa, na ya pili, na ya tatu, na marehemu akasema, "Haya," kama mtu anayeshusha mzigo mdogo mezani, akafumba macho. Gatwiri alipoingia alimkuta bado anapumua, akamshika ule mkono mwingine, na saa tisa na dakika ishirini alasiri marehemu akatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na minne na miezi mitano kamili.

Familia inapenda kuwashukuru madaktari na wauguzi wa Embu, na muuguzi aliyekuja hapa nyumbani kila wiki hata barabara ilipokuwa mbaya, akina mama wa kanisa waliomwogesha na kumwimbia, majirani walioleta kuni, maji na viti bila kuombwa, Mwalimu Gachoki na walimu wote waliofanya kazi na marehemu, wanafunzi wake wa zamani ambao tumeambiwa wamejaza ua mpaka nje ya lango, na Bwana Jama, aliyefika jana kutoka Maua na familia yake, akaomba akae upande wa zizi. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na kama tumesahau jina tunaomba msituhesabie. Chakula mtakachopewa baada ya maziko kimetiwa chumvi ya karai lile la Alhamisi, na kila mmoja atajihukumia mwenyewe, kuanzia Bwana Jama, ambaye tayari ameonjeshwa asubuhi hii na hajasema lolote.

Na kwa swali lenu, jibu ni hili. Siku ya Ijumaa tarehe 15 Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wageni wa kwanza hawajafika, Gatwiri alikwenda jikoni akafunua ungo, na chumvi ilikuwa imejikusanya chini ya maji, punje za mraba, safi, zimeshikana kama barafu nyembamba. Akaonja moja, akakaa chini kidogo pale sakafuni, akasimama. Hakuandika kitu kwenye daftari. Aliliinamisha karai taratibu mpaka maji yote yaliyosalia yakakusanyika upande mmoja, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye lile jiwe, akayamimina yote, akafungua zizi, akawapisha mbuzi.

Pumzika, Cucu. Wamelamba.